Picha za ISS kwa redio ya mkononi

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi niko Wete, nina redio ndogo ya mkononi kaka angu kaniletea toka Unguja. Juzi walitangaza ISS, kile kituo cha anga cha kimataifa, inatuma picha nikaweka simu karibu na spika, nikapata mlio kama chenene, picha ikatoka mistari mistari nusu nzima haisomeki. Nimekosea wapi? Na mimi naweza kurusha yangu? Na hiyo TV ya picha zinazotembea je?

JIBU: Marahaba mwanangu, huo mlio wa chenene ndo picha yenyewe! Inaitwa SSTV, televisheni ya mwendo wa pole, ilianzishwa na Mmarekani Copthorne Macdonald mwishoni mwa miaka ya 1950. Picha inageuzwa mlio, weusi 1500 Hz, weupe 2300, vivuli viko katikati, na mlio mfupi wa 1200 unapanga mistari, simu inashona kutoka juu kushuka chini kama bibi anavyoshona mkeka, ukili kwa ukili. Sasa ukikatika mlio kidogo tu ukili mmoja umepotea na haurudi.

Nadhani kosa lako la kwanza ni skwelchi, ile sehemu ya redio inayonyamazisha spika mawimbi yakiwa hafifu. Ifungue kabisa mpaka redio ipige shwaaa muda wote, maana ukiiacha, mawimbi yakififia kidogo redio inanyamaza na picha inakatika hapo hapo, hili linawaumiza wengi sana. Pili, simu inasikia kila kitu, bodaboda, watoto, hata wewe ukisema "hiyooo inakuja" inaingia kwenye picha, basi ukae kimya. Tatu toka chini ya mikarafuu, nenda pwani penye uwazi, na antena usiielekeze ncha kwenye chombo, ilaze ubavu uizungushe polepole mpaka kelele ipungue.

Weka 145.800 MHz, FM. Mara nyingi wanatumia mtindo wa SSTV unaoitwa PD120, picha moja inachukua dakika 2 na sekunde kidogo, na chombo kikipita vizuri juu yako unacho kama dakika 10 tu kisha kimezama, kwa hiyo ukipata picha 2 kamili umefanya kazi nzuri kweli. Kwenye simu programu ya Robot36 inatosha. Ila ISS haitumi kila siku, ni siku maalum.

Kurusha usibonyeze kitufe kabla hujapata leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, tafadhali.

TV ya picha zinazotembea inataka nafasi pana kuliko njia ya sauti, redio yako haiwezi. Lakini satelaiti ya Qatar, Es'hail 2, ina sehemu ya watu wa redio ya ridhaa inaitwa QO-100, video zao zinashuka kwenye GHz 10.49 na Afrika nzima tumo. Iko nyuzi 25.9 mashariki, kwa hiyo hapo Wete dishi linatazama karibu na utosi, limeinama kidogo magharibi kuelekea kaskazini. Risiva nyingi za nyumbani hazishiki mawimbi yao, maana ni membamba kuliko ya TV ya kawaida, anza na ISS kwanza, ukipata picha safi niandikie ulisimama wapi.