Fundi Bunduki Anajibu: Darubini Inayohama

SWALI: Shikamoo fundi. Nina bunduki ya CZ 550 ya risasi kubwa za .375 ninayoongozea wageni pori la akiba la Rungwa. Kila nikifyatua risasi chache darubini ya kulengea inasogea mbele na shabaha inahama. Ninunue darubini mpya? – Msomaji, Itigi

JIBU: Marahaba. Hela yako iache mfukoni kwanza. Bunduki ya .375 hurudi nyuma kwa nguvu, darubini nayo kwa uzito wake hutaka kubaki ilipo. Kazi ya kuizuia ni ya pete zinazoibana juu ya bunduki, na nadhani zako zimeshindwa. CZ 550 ina mifereji ya milimita 19 iliyochongwa juu ya mwili wake, ndipo pete hushika. Tafuta pete za chuma za bunduki hiyo hasa. Zile laini za bei chee waachie wenye bunduki ndogo za .22. Pima na bomba la darubini: la milimita 25.4 halikai kwenye pete za 30, hata ukilizungushia karatasi (nimeyaona hayo!). Futa mafuta yote kwa spiriti, kaza skrubu za pete kidogo kidogo kwa kupishanisha, nguvu ya kukazia isizidi nyutoni-mita 2 hivi. Ukikaza kwa hasira utaliminya bomba. Halafu chora mstari kwa kalamu pale pete inapogusana na bomba, uende ukapige shabaha. Mstari ukiachana, zirudishe pete dukani.