Kabla hujaingiza mkono

Mtamba wangu wa kwanza kutupa mimba alinitia huruma kuliko hofu. Mimba ilikuwa ya miezi 7 hivi. Ndama alitoka mfu, kondo la nyuma likabaki linaning'inia. Nikakunja shati hadi begani, nikapaka mkono sabuni, nikaingia kulivuta. Mkono mtupu, na kidole gumba kina mkwaruzo mbichi wa seng'enge. Likatoka, nikanawa, nikajiona fundi.

Wiki tatu baadaye zikaanza homa za jioni. Asubuhi mzima, jua likizama natetemeka, usiku shuka limelowa jasho, kiuno na magoti vinauma kama vya mzee. Nilitibiwa homa nyingine kabisa, mara mbili, kila mara nikapata nafuu ya siku chache. Aliyenipatia dawa mwishowe aliuliza neno moja ambalo wa kwanza hawakuuliza, na mimi sikulisema: "Unafuga?" Kipimo cha damu kikaonyesha ni brusela, ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba na kumwingia mtu pia. Wiki 6 za dawa za aina mbili, bila kuruka siku, maana ukiacha kwa kuwa umejisikia vizuri, inarudi.

Basi ukipata homa, usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe kwamba unafuga, na kwamba ng'ombe wako wanachangia malisho na wanyamapori.

Malisho yangu yanapakana na msitu. Zamani nilikuwa namwangalia nyati. Siku hizi naangalia alichoacha. Mnyama hupita usiku, akanywa maji, akatupa mimba au akafia kichakani. Asubuhi ng'ombe wanafika, na ng'ombe ana udadisi mbaya: akikuta kondo nyasini, atalinusa, kisha atalilamba. Lakini tusimsingizie mnyama wa porini kila kitu. Huko Yellowstone, hifadhi ya Marekani, wafugaji wanahofia baisani, nyati wa huko, wasije wakawaambukiza ng'ombe brusela, ilhali inaaminika ni ng'ombe walioupeleka ugonjwa huo kwa baisani hapo awali.

Kwangu sasa mimba ikitoka, watoto na wajawazito hawasogei, na mbwa anafungwa kwanza, kwa sababu ndiye atakayeburuta kondo hadi mlangoni. Navaa glavu ndefu za hadi begani, nafunika pua na mdomo. Ng'ombe anatengwa, daktari wa mifugo anaitwa achukue sampuli, na vilivyobaki nazika chini sana. Maziwa yanachemshwa, hata ya ng'ombe anayeng'aa kwa afya. Chanjo ipo, hupewa mitamba wadogo, ila aina inayotumika sana ina vijidudu hai. Mwachie daktari, maana ukijichoma sindano hiyo kwa bahati mbaya unaweza kuugua mwenyewe.

Kosa lingine la mkono nimeliona kwa jirani. Ng'ombe anatoa udenda, anashindwa kumeza, analia kwa sauti iliyokauka. Kila mtu anasema amekabwa na kitu, na mwenye ng'ombe anaingiza mkono kooni kutafuta. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, alichoambukizwa alipong'atwa na mbweha siku nyingi zilizopita. Kama mate yameshagusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Na mzoga? Ng'ombe aliyelala mzima akaamka amekufa, damu isiyoganda inatoka puani na nyuma, mwili haukukakamaa vizuri: usimchune, usimpasue hata kujua amekufa na nini. Hicho ni kimeta mpaka daktari aseme sicho. Ukimfungua, vijidudu hukutana na hewa na kujivika ganda gumu linalokaa ardhini miaka na miaka. Kisiwa cha Gruinard, Uskoti, kilifanyiwa majaribio ya kimeta mwaka 1942, kikatangazwa salama mwaka 1990, tena baada ya udongo kumwagiwa dawa. Wewe una malisho hayohayo tu.

Kifua kikuu cha ng'ombe hakina kishindo, ndiyo maana watu hukipuuza. Kipimo chake huchomwa kwenye ngozi na kusomwa baada ya saa 72, kwa hiyo usiwapeleke ng'ombe machungani mbali kabla daktari hajarudi. Ndigana kali, ambayo hutukosesha usingizi, itakumalizia ndama lakini wewe haikuingii. Nalisema kwa sababu nimeona watu wakiiogopa hiyo na kuvuta kondo kwa mikono mitupu.

Yule mtamba alipopimwa, naye alikuwa na brusela. Akaja mtu akitaka kumnunua wa kuzalisha. Sikudanganyi, nilikaa nusu siku kabla ya kumwambia. Aliondoka bila kuaga.