Asubuhi mtoni, mchana Wrigley Field

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukipata siku moja tu ya kuitembeza familia mjini, utaipangaje? Sisi tunaishi Chicago, na wageni wakija kutoka nyumbani huwapangia mambo mawili tu: asubuhi katikati ya mji, mchana besiboli.

Baba mkwe alipotutembelea kutoka Tanga, wengi walinishauri nimpandishe Willis Tower, lile jengo la ghorofa 110. Nilikataa. Mzee hakuvuka bahari kuja kusimama foleni. Tulipita Millennium Park, watoto wakajitazama kwenye Cloud Gate, chuma kinachong'aa cha mchongaji Anish Kapoor, kisha tukashuka kwenye Mto Chicago.

Hapo baba hakutaka kuondoka. Amefanya kazi ya ufundi wa maji maisha yake yote, nami nikamweleza kuwa zamani mto huu ulimwaga uchafu wa mji katika Ziwa Michigan, na maji ya kunywa yalitoka ziwani humo humo. Wakachimba mfereji, na mwaka 1900 wakaugeuza mto utiririke upande wa pili. "Mto mzima, mwanangu?" Mzima, baba. Akainama kwenye ukingo kuangalia maji yanakokwenda, na maswali yake yakatufikisha karibu saa sita.

Tukapanda treni ya Red Line hadi Addison. Ukishuka tu, Wrigley Field, uwanja wa besiboli, huo hapo, katikati ya nyumba za watu, ulipo tangu 1914.

Sisi tuliolelewa na kandanda husema besiboli inachosha. Mimi naona ndiyo mchezo wa kwenda na familia. Kwenye kandanda, ukigeuka kumfuta mtoto mikono, bao limeshaingia. Huku kuna awamu tisa, na kila baada ya mpira mmoja unapata nafasi ya kumweleza mzee kwa nini yule anakimbilia kituo cha pili, kati ya vinne ambavyo mchezaji huvizunguka ili apate alama, na mwenzake ametolewa. Na tangu 2023 anayemrushia mpigaji mpira anahesabiwa sekunde za kurusha, kwa hiyo mechi haiburuti kama zamani hadi watoto walale.

Baba aliuliza majani ya ukutani ni ya nini. Ni mmea mtambaazi uliopandwa mwaka 1937. Mpira ukinasa humo, mpigaji hupewa vituo viwili. Tangu hapo watoto hawakuangalia kingine ila ukuta! Yeye macho yake yalikuwa kwenye ubao wa matokeo, ambao hadi leo watu wamo ndani yake wakibadilisha namba kwa mkono.

Atakayetaka kutufuata achague mechi ya mchana. Wrigley Field iliwekewa taa za kuchezea usiku mwaka 1988 tu, na mechi za mchana bado ni nyingi. Aprili upepo wa ziwani ni mkali hata jua likiwaka, kwa hiyo ukiwa na wazee subiri Juni, na uwabebee kofia.