Maswali na majibu: Simu imesema ni Dioscorea, je naweza kuchimba nikala?

Swali: Shikamoo dokta. Naishi Chanika ila kwetu ni Newala, nimekua nakula ming'oko, vile viazi vya porini. Nyuma ya kiwanja changu kuna kichaka na humo kuna mmea umetambaa mpaka juu ya mkorosho, majani yake kama kopa. Nimepiga picha, programu ya simu ikaniletea Dioscorea, nilivyogugo nikaona ming'oko nayo ni Dioscorea. Kiangazi hiki nataka kuchimba nichemshe na chumvi tule na watoto. Picha ya jani nimeambatanisha.

Jibu: Marahaba. Kwenye sufuria kisiingie kitu, nakuomba sana, hasa kwa sababu ya hao watoto.

Simu yako inawezekana haijakosea kabisa, na hapo ndo tatizo linapoanzia. Dioscorea ni jina la jenasi nzima, yaani kundi la mimea ndugu, ina aina zaidi ya 600 duniani, humo kuna viazi vikuu tunavyofuturia, kuna ming'oko yenu ya kusini ambayo jina lake kamili ni Dioscorea hirtiflora, na kuna ndiga, Dioscorea dumetorum, yenye sumu ya jamii ya dioskorini ambayo inapiga mfumo wa fahamu mpaka mtu anashikwa na degedege. Sasa ukisoma Dioscorea ukaelewa ming'oko, ni sawa na kuambiwa kuna mgeni getini katokea Newala ukakimbilia kumwita mjomba.

Picha yenyewe ni jani moja limekatwa limewekwa juu ya meza. Sioni shina, sioni kama lina miiba, sioni majani yamejipangaje, sioni ua wala tunda. Ndiga ungeijua kirahisi, ina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja na shina la miiba, yako sio hiyo. Ila majani ya kopa yako kibao huku pwani, hata ndugu zake viazi vitamu wa porini wanayo, na wengi wao ukikata shina linatoa utomvu mweupe, kitu ambacho kwenye picha ya jani hakionekani hata kidogo.

Kinachoniumiza zaidi ni hilo neno kiangazi. Ming'oko inachimbwa wakati majani yameshakauka, na mama zetu wa Newala na Masasi wanaipata kwa sababu wanalijua lile shina kavu na wanakijua kichaka chenyewe tangu wadogo. Wewe upo Chanika, kichaka hukijui. Kwenye vichaka vya kichanga vya Dar na Pwani kunaota mkalamu, Gloriosa superba, lile ua zuri linaanza na rangi ya kijani na njano halafu linageuka jekundu, petali zimepinduka kwenda juu. Mvua zikiwepo huwezi kuukosea maana jani lake halina kikonyo, limekaa moja kwa moja kwenye shina, na ncha yake imerefuka ikawa kamba nyembamba inayojisokota kwenye tawi la jirani, wakati kiazi kikuu hakina hiyo kamba, chenyewe kinajizungusha kwa shina lake. Lakini kiangazi vyote hivyo vimeshaanguka, kimebaki kiazi ardhini, ndani cheupe, na mizizi ya mimea miwili inaweza kuwa imepishana palepale chini ya mkorosho wako. Kiazi cha mkalamu kina kolchisini, sumu inayoua.

Sasa nisikilizeni na wengine, maana hili naulizwa kila siku: KUCHEMSHA SANA hakuondoi kila sumu. Kolchisini haiishi kwa moto. Sri Lanka kuna watu wamekufa kwa kula viazi vya mkalamu vilivyochemshwa vizuri tu, walidhani ni viazi vya kawaida. Na wazee wanaokula ndiga wakati wa njaa hawaichemshi tu, wanaikata vipande, wanailoweka siku kadhaa wakibadilisha maji au wanaiacha kwenye maji yanayotembea, kazi ambayo mtu aliyeisoma kwenye magrupu ya wasap ataifupisha tu. Nyani kula sio kipimo, na kuonja kidogo kusikia kama kichungu nako sio kipimo.

Na hao wanaouza unga wa mizizi kwenye vichupa, stendi mpaka kwenye daladala, dawa moja inatibu tumbo, kisukari na nguvu za kiume, muulize mmea gani, umeota wapi, umechimbwa mwezi gani. Atakujibu "ni ya asili haina madhara". Mkalamu ni wa asili! Ndiga ni ya asili! Mzizi ukishasagwa hata mimi siwezi kuutambua kwa macho. Waganga wa kweli ninaowaheshimu wanaingia porini wenyewe na mmea wanakuonyesha ukiwa umesimama, huyu wa kichupa kanunua gunia kwa mtu ambaye naye kanunua.

Wewe fanya hivi. Subiri mvua mmea uchipue, kata tawi lenye shina, majani na ua au tunda kama lipo, libane katikati ya magazeti makavu uwe unayabadilisha, andika tarehe, mahali, udongo na mmea umeparamia nini, maana hizo taarifa za mahali nazo zinasaidia kutofautisha aina zinazofanana. Peleka pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana habaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, watalinganisha na sampuli zao. Na usihamishie uchimbaji wako Pugu wala Kazimzumbwi, ile ni hifadhi. Ukizidiwa na hamu, agiza ndugu wakutumie kwa basi.

Kama kuna mtu ameshakula kiazi asichokijua msikae kumnywesha maziwa mkisubiri. Kolchisini inaanza kwa kutapika na kuharisha masaa kadhaa baadaye, watu wanadhani ni chakula kimechacha, anaweza hata kupata nafuu kidogo ndo viungo vianze kufeli. Hospitali hapohapo, na mabaki ya kiazi pamoja na kipande cha shina lake mbebe kwenye mfuko mumpe daktari.