Filamu bado ina maana? Kwanza niambie negativu zako ziko wapi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga picha za harusi hapa Tanga kwa kamera ya dijitali. Marehemu baba mdogo ameniachia Pentax K1000 na lenzi yake ya milimita 50, shata (pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga) inalia vizuri kabisa. Wenzangu wanasema filamu ina rangi halisi ambazo dijitali haizipati, na kwamba maharusi wa siku hizi wanaitaka. Kuna muuzaji mtandaoni ana roli za Kodak Gold zilizopita muda tangu 2009, anazitoa bei ya kutupa, na anasema zilizopita muda ndizo zenye rangi tamu zaidi. Maabara nimeshapata Dar: natuma roli kwa basi, wao wanasafisha na kunirushia picha WhatsApp. Je, niingie kwenye filamu, au nitakuwa napoteza hela kwa kitu kilichopitwa na wakati?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kufiwa na baba mdogo. K1000 ni kamera ya kazi. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, haina mapambo, na mafundi wanaojua kuifungua bado wapo. Kwa hiyo sina ugomvi na kamera yako. Ugomvi wangu uko kwenye hayo maneno "rangi halisi", na kwenye hiyo WhatsApp.

Nianze na rangi, maana hili naulizwa kila kukicha na majibu wanayopewa vijana yananichosha. Chukua negativu yoyote ya rangi, yaani mkanda wa filamu uliokwisha kusafishwa, uishike dirishani. Utaona utando wa machungwa, majani yamekuwa ya zambarau, anga imekuwa kahawia, na uso wa bibi harusi hautamaniki. Hiyo ndiyo filamu. Ili iwe picha ya kuangalika, lazima mtu aigeuze, na anayegeuza ni kijana aliyekaa mbele ya mashine ya kuskani ya Noritsu au Frontier, anayebonyeza vitufe vya kuongeza wekundu, kupunguza samawati, kukoleza kidogo, haya, nyingine. Peleka negativu ile ile kwenye maabara mbili, utarudishiwa harusi mbili. Ile hali ya joto joto uliyoiona Instagram ukaipenda, kwa sehemu kubwa ni uamuzi wa mtu wa skana, na pengine huyo mtu alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Tena tukitaka kusema ukweli wote kuhusu uhalisi, turudi nyuma. Kwa miaka mingi maabara zilipanga mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakaizoea kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, basi rangi zimekaa. Ngozi yako na yangu hazikuwa kwenye hesabu. Ilibidi ifike miaka ya 1990 ndipo Kodak watoe kadi zenye watu wa rangi tofauti. Fungua albamu za harusi za nyumbani kwenu za zamani uangalie: shela inang'aa, keki inaonekana mpaka maua yake, na bwana harusi ni meno na kola ya shati. Watu wanaokuhubiria rangi halisi wakazitazame hizo kwanza.

Basi filamu ina nini? Ina tabia yake kwenye mwanga mkali. Dijitali ikizidiwa na mwanga, shela inageuka karatasi tupu na hakuna programu ya kuirudisha. Negativu ya rangi inavumilia mwanga wa ziada, stopu mbili hata tatu (kila stopu ni mwanga mara mbili), na nyuzi za shela zinabaki. Isichovumilia ni mwanga pungufu. Hapa ndipo wapiga picha wa dijitali wanapoumia, kwa sababu wamezoea kinyume chake: kulinda sehemu angavu, kisha kunyanyua vivuli kwenye kompyuta. Ukifanya hivyo kwenye filamu, kivuli kinakuja na chenga na matope, na hakuna cha kunyanyua kwa kuwa hapakuandikwa kitu.

Chukua mfano wa kazi yako mwenyewe. Bibi harusi amevaa nyeupe, bwana harusi ana kanzu nyeupe, wote wawili ni weusi wa kung'aa. Mita ya mwanga ya K1000 inasoma fremu kwa wastani. Itaona weupe mwingi na kukushauri ubane mwanga. Ukiitii, umepoteza nyuso mbili. Sogea mpaka uso ujaze fremu, soma hapo, weka vipimo hivyo, kisha rudi nyuma upige. Au pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga ule ule. Kazi ni hiyo tu, lakini utaona wangapi wanaifanya.

Sasa tuje kwenye WhatsApp. Kijana wangu, umeeleza safari nzima ya roli yako, kutoka kwenye basi hadi kwenye simu, na hujataja hata mara moja negativu zinarudi vipi. Hujataja kwa sababu hukuwaza. Wengi hawawazi. Wanalipia roli, wanalipia kusafisha, wanalipia kuskani, wanapokea picha zilizobanwa na WhatsApp, wanafurahi, na ule mkanda wenyewe unabaki kwenye boksi chini ya meza ya maabara hadi siku ya kufanya usafi. Ukipiga filamu kwa mtindo huo unakuwa umepiga picha ya dijitali kwa gharama kubwa, tena ya ubora mdogo kuliko ile ambayo kamera yako nyingine ingekupa bure. Jibu la swali lako, kama filamu ina maana au haina, lipo hapa. Ina maana kwa anayebaki na negativu mkononi. Kwa asiyebaki nayo, sioni kwa nini ahangaike.

Negativu pia ndiyo shahidi wako. Picha zimetoka mbaya, maabara wanasema ulikosea mwanga, wewe unasema waliharibu dawa. Nani mkweli? Angalia kingo za mkanda. Kule kiwandani waliandika jina la filamu na namba za fremu kwa mwanga, kwa hiyo maandishi hayo hutokea tu dawa ikifanya kazi. Yakiwa yamekolea na kusomeka vizuri huku fremu ziko nyepesi au tupu, kosa ni lako au la kamera. Maandishi nayo yakiwa yamefifia, au hayapo kabisa, maabara ndio wenye kesi. Kwenye picha za WhatsApp huwezi kujua, na wababaishaji wanalijua hilo vizuri. Kuna wanaopokea filamu ya rangi wakaisafisha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe kwa kuwa ndiyo waliyonayo siku hiyo, kisha wanakuambia roli yako ilikuwa mbovu. Dawa ya rangi, ile iitwayo C-41, inataka nyuzi joto 37.8 na dakika 3 na sekunde 15 kwenye developa, ile dawa ya kwanza inayotoa picha. Ukisogea nusu nyuzi, rangi zinaanza kuyumba. Uliza wanapimaje joto. Anayekujibu kwamba "sisi tumezoea", chukua roli yako uondoke.

Kuhusu kudumu, nako kuna porojo. Utasikia negativu inakaa miaka 100. Priya Ramrakha, mpiga picha wa Kenya, aliuawa 1968 akiwa kwenye vita vya Biafra, Nigeria. Kazi zake zilidhaniwa zimepotea hadi miongo kadhaa baadaye zilipokutwa kwenye gereji Nairobi. Ni habari njema, na kila mpenda filamu huisimulia. Wanachosahau ni kwamba Nairobi iko juu, kuna baridi na hewa kavu. Tanga siyo Nairobi. Tando la picha kwenye filamu limeshikiliwa na jelatini, na jelatini ni chakula cha kuvu. Weka negativu zako kwenye kabati la ukutani pwani, msimu mmoja wa masika unatosha kuanza kuona madoa yenye matawi. Zitie kwenye vifuko vya polipropilini (siyo vile vya plastiki laini ya PVC vinavyonata), halafu kwenye kopo linalobana, na vipakiti vya kunyonya unyevu ndani yake, uvibadilishe. Ukifungua ukasikia harufu ya siki, msingi wa filamu umeanza kuoza. Zitenge na nyingine na uziskani haraka.

Kamera ya baba mdogo sasa. "Shata inalia vizuri" ni maneno ya wauzaji, na mlio haupimi kitu. Fungua mgongo bila filamu, elekeza lenzi dirishani, weka sekunde 1, bonyeza na uhesabu. Mafuta yakikauka, sekunde moja inaweza kuwa mbili au shata ikakwama katikati. Kisha weka 1/1000 ya sekunde uangalie: ukiona upande mmoja wa fremu unabaki mweusi, pazia halifunguki sawasawa. Gusa sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Ikinata vidoleni, imeoza, na mwanga utapenya na kukuchorea michirizi. Sponji hubadilishwa kwa bei ndogo, shata siyo. Betri ni LR44 ya kawaida, na kwa kuwa kamera hii haina swichi ya kuzima mita, funika lenzi ukimaliza, la sivyo kila ukiitoa utakuta betri imekufa.

Zile roli za 2009 usinunue. Filamu inazeeka kwa joto, na tabaka zake tatu za rangi hazizeeki kwa mwendo mmoja. Hiyo "rangi tamu" ni ukungu uliotanda juu ya picha, na tabaka moja lililochoka kabla ya wenzake. Kanuni ya mitaani ni kuongeza stopu moja ya mwanga kwa kila miaka kumi, lakini hiyo hudhania zilitunzwa mahali pa baridi. Muulize muuzaji zilikaa wapi miaka yote hiyo. Kama ni kabati la kioo dukani, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Ukitaka kuchezea roli moja ukimpiga picha rafiki yako ufukweni, chezea. Harusi ya watu hairudiwi.

Na ukumbini usiku filamu usiipeleke kabisa. Gold ni ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga). Kamera yako ya dijitali inafika 6400 bila kulia, yaani stopu tano zaidi, mara 32. Ukitumia flashi, K1000 inakubaliana nayo kwenye 1/60 ya sekunde tu au polepole zaidi, na hapo watu wanacheza muziki. Piga harusi kwa dijitali, kisha alasiri, kabla jua halijazama, watoe maharusi nje kwa roli moja mpya. Gawanya bei ya roli, kusafisha na kuskani kwa 36, upate gharama ya kila mbonyezo, na umtajie mteja bei hiyo kabla ya siku.

Kama kweli unataka kujifunza, anza na nyeusi na nyeupe, mfano HP5 ya Ilford, usafishe mwenyewe. Chumba cha giza huhitaji. Mfuko mweusi wa kuingizia mikono na tangi dogo vinatosha. Kwa developa ya ID-11 isiyochanganywa na maji zaidi ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Maji ya bomba ya Tanga hayako nyuzi 20, na ukitumia yalivyo, muda unashuka chini ya dakika 5 na picha inatoka na mawimbi. Kwa hiyo tia barafu kwenye beseni, chupa za dawa zikae humo, na kipimajoto ununue kizuri. Developa ikishachoka usiirudishe kwenye chupa. Fiksa (dawa inayofanya picha isifutike) iliyotumika ina madini ya fedha ndani yake, usiimwage kwenye mchanga wa uani wanapocheza watoto.

Mwisho, hili siyo kwako peke yako. Kuna watu sasa wanauza "harusi ya filamu" mijini kote, wanatoza mara mbili, wanakuja na kamera ya zamani shingoni na dijitali mfukoni, halafu wanakuletea picha zilizopakwa kichujio cha programu chenye chenga za bandia. Maharusi mnaosoma hapa, na wewe mpiga picha utakayeshindana nao: andikeni kwenye mkataba kwamba negativu zote zinakabidhiwa pamoja na picha, zikiwa zimekatwa vipande vya fremu sita ndani ya vifuko. Akisema zimebaki maabara, muulize ni maabara gani na mwende mkazichukue wiki hiyo hiyo, kwa sababu maabara nyingi hazitunzi mkanda usio na mwenyewe. Akianza kuwaeleza kwamba siku hizi filamu haitoi negativu, mdai arudishe malipo ya awali.