Nina watoto 104, wengine wanasoma gazeti wengine silabi bado, niwapangeje?

Swali limetoka kwa mwalimu wa darasa la tatu huko Mbagala, nimelifupisha kidogo: "Mkufunzi shikamoo. Nina watoto 104 kwenye mkondo mmoja. Wapo wanaosoma gazeti na wapo ambao hata silabi hawajui. Tuliletewa semina shuleni, tukapewa fomu ya maswali ishirini ya kumjua mtoto kama ni wa kuona, wa kusikia au wa kutenda, wazazi wakachangia buku mbili kwa kila mtoto. Nimewapanga makundi matatu kama walivyosema, huu mwezi wa tatu sasa, ila wasiosoma wako palepale. Nakwama wapi? Na hao wa kutenda, nao wengi ndo wasiojua kusoma, niwafundisheje?"

Marahaba mwalimu. Nianze na hiyo fomu kwasababu hili swali linanijia kila muhula, leo Mbagala kesho Kimara keshokutwa Gongo la Mboto, na kila mara namkuta mwalimu anayejituma kweli kweli kauziwa kitu ambacho hakifanyi kazi, afu anaanza kujilaumu yeye. Hiyo fomu weka pembeni, usiijaze upya wala usitafute iliyoboreshwa.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu hizi aina za wanafunzi. Walikuwa wanatafuta jaribio moja ambalo hata mimi na wewe tunaweza kulielewa: chukua watoto unaosema ni wa kuona na unaosema ni wa kusikia, wachanganye, nusu wafundishwe kwa picha na nusu kwa maelezo, afu wote wafanye mtihani uleule. Kama aina zipo basi wa kuona watafanya vizuri zaidi wakifundishwa kwa picha na wa kusikia watafanya vizuri zaidi wakifundishwa kwa maelezo. Tafiti zilizofanya jaribio la namna hiyo walizikuta chache mno, na kadhaa kati ya hizo chache zilitoa majibu yanayopinga kabisa. Imepita miaka mingi na fomu bado zinauzwa. Wauzaji ukiwabana wanamtaja Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani, na nadharia yake ya mwaka 1983 kwamba mtu ana akili za aina nyingi, wakati Gardner mwenyewe aliandika mwaka 2013 kwamba nadharia yake ni kitu kingine na hizo aina za kujifunza ni kitu kingine, watu waache kuvichanganya.

Sikatai kwamba mtoto anaweza akapenda picha kuliko maelezo, anapenda tu, haina shida. Ila mwalimu hebu fikiria kusoma kwenyewe kulivyo: herufi inaonwa kwa jicho, sauti yake inasikika kwa sikio, mkono ndo unaiandika, na mtoto anavihitaji vyote vitatu ndani ya kipindi kimoja, sasa wewe ukishamwandika "wa kutenda" ukampa udongo afinyange wakati wenzie wanaunganisha silabi, umemtoa kwenye kitu kilekile kinachomkwamisha. Na kwanini wasiojua kusoma wengi wameangukia kwenye kutenda? Kwasababu mtoto asiyefuata somo hatulii, anachezea rula, anatoka toka nje, fomu inauliza "anapenda kushikashika vitu?" unaweka tiki. Hapo fomu imepima kuchoka kwa mtoto ambaye somo limempita.

Kwahiyo panga watoto kwa kile wanachokiweza leo kwenye somo hilohilo, basi. Na ili ujue wanachokiweza lazima upime, hata zahanati siku hizi hawakupi dawa ya malaria mpaka watoe damu. Andika kwenye karatasi moja silabi kumi, chini yake maneno kumi, chini aya fupi, nyuma hadithi ya levo ya darasa la pili. Ngazi za namna hiyo ndo Uwezo, wale wanaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, wamekuwa wakizitumia hapa Tanzania tangu mwaka 2010 wanapopita nyumba kwa nyumba. Mtoto mmoja dakika mbili, mwite mezani wakati wenzie wanafanya zoezi, kumi kwa siku, wiki mbili na siku moja umemaliza wote 104 na hakuna mzazi aliyetoa hata mia.

Wakati wa kupima kuna mtoto atakudanganya bila yeye kujua kama anadanganya. Anafungua ukurasa wa kitabu anaushusha mpaka chini, hakwami, sauti kubwa, anavuta mwisho wa sentensi vilevile darasa zima linavyovutaga. Usiangalie kitabu, angalia macho yake. Yako kwenye picha, au yako usoni kwako. Huyo kaubeba ukurasa wote kichwani kwa kuitikia na wenzie, kwenye kuitikia kwa pamoja asiyejua hawezi kuonekana. Ziba picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno la mwisho la mstari umwombe asome, rudi nyuma neno mojamoja. Akifika kwenye "mbwa" akaanza kukisia "ma... ba... baba", basi silabi mwambatano, zile zenye konsonanti zilizoungana, bado, na hapo ndo unaanzia naye. Nimeona watoto wa darasa la tano wakigundulika hivi, wamepanda madarasa yote kwa kuitikia.

Hesabu nazo hivohivo, kosa lenyewe linakwambia. Mpe 52 kutoa 27. Akiandika 35 huyo hajashindwa kutoa, anatoa kidogo kwenye kikubwa popote anapokiona, saba kutoa mbili tano, tano kutoa mbili tatu, kumbe hajui kwamba ile 5 ni makumi matano. Mwingine ataandika 24 au 26 kwasababu anahesabu vidole na vidole vimempotea. Hao wawili wote utawapiga mkasi lakini dawa yao si moja. Wa kwanza mpe vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira, afungue fungu moja kwa mkono wake, atoe saba, aone vilivyobaki. Vijiti wape wote wanaokosea hapo, awe mtulivu au mtundu, fomu ya nani ilisema nini haituhusu.

Ukishajua levo, usikae na makundi siku nzima. Tafuta kipindi kimoja kwa siku. Kaa na mwalimu wa taaluma, kama shule ina mikondo mitatu muombe hicho kipindi kikae saa ileile kwa mikondo yote, ikifika saa hiyo watoto wote wa silabi wanaenda kwa mwalimu mmoja, wa maneno na aya kwa mwingine, wanaosoma hadithi kwa wa tatu. Na tafadhali sana mwalimu mzoefu ndo ashike silabi, tusiwape hao mwanachuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha eti kwasababu kazi yao ni "rahisi", hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote shuleni. Baada ya wiki nne au sita pima tena na uwahamishe, aliyepanda apande. Kundi lisilohama mtoto hilo limeshageuka jela.

Njia hii ilijengwa na shirika la Pratham lililoanzia Mumbai miaka ya tisini, na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019, walishiriki kuipima kwa miaka mingi wakakuta watoto wanasogea pale ambapo walimu wana muda maalum uliotengwa kwa ajili hiyo, ila walimu wakipewa tu vifaa na mafunzo afu wakaachwa na ratiba ileile, mara nyingi hakibadiliki kitu. Zambia wameichukua kwenye shule za serikali. Kuna kupima, kuna muda, kuna kuhama, aina za watoto hazimo kabisa.

Vipindi vingine vyote watoto wabaki pamoja, somo moja, ila kazi iwe na milango zaidi ya mmoja. Habari ya ufahamu ni ileile mmeisoma wote, wa silabi atafute maneno yote yenye "cha" ayasome kwa jirani yake, wa kati ajibu maswali, aliyemaliza aandike angefanya nini kama angekuwa yule anayesimuliwa kwenye habari. Ukimkalisha anayejua na asiyejua mfundishe kwanza anayejua namna ya kusaidia: aweke kidole chini ya neno, asubiri, asitaje jibu. Bila hivyo anamfanyia kazi yote na wewe unakusanya madaftari mawili yenye majibu sawa. Na usimgeuze mwalimu msaidizi kila siku, na yeye kaja kusoma.

Kabla hujamweka mtoto yeyote kundi la chini kwa muda mrefu angalia macho na masikio. Simama nyuma yake mwite kwa sauti ya kawaida wakati hakuoni. Angalia kama anageuza shingo upande mmoja, kama sikio linatoa usaha, kama ananakili kwenye daftari la jirani badala ya ubaoni. Masikio ya usaha ni kitu cha kawaida sana kwa watoto wetu na yanapunguza kusikia, na mtoto asiyesikia tofauti ya "pa" na "ba" hawezi kusoma kwa kundi lolote. Mkalishe mbele, ongea na mzazi aende hospitali, kwa macho CCBRT pale Msasani wanapima. Akigundulika ana ulemavu Dar shule zipo, Buguruni ya viziwi, Uhuru Mchanganyiko wanasoma pamoja wenye ulemavu na wasio nao, usimwache anakaa tu nyuma ya darasa mpaka darasa la saba anaitwa mzito.

Hili neno mzito ndo linanikera kuliko fomu zenyewe, kwasababu fomu zinauzika palepale ambapo sisi walimu tumeshaamini kwamba mtoto kazaliwa hivyo. Ukishaamini hivyo, yeyote anayekuja na kifaa cha kusoma mtoto kazaliwaje utamnunua. Kuna wanaochukua alama za vidole na kukwambia mtoto atakuwa daktari au mwanamuziki, India biashara hiyo imeenea sana na haina sayansi yoyote nyuma yake. Kuna sharubati za kuongeza akili. Kuna wa ubongo wa kushoto na ubongo wa kulia, wakati mtoto yeyote anayesoma sentensi moja anatumia pande zote mbili. Hawa watu wote wanafanana kwa jambo moja, wanakupa jina la mtoto na hawakupi somo la kesho. Na jina halitoki, mzazi analibeba nyumbani, mtoto analisikia, ukija kumpa kazi anakwambia "mwalimu mimi si wa kusoma." Mtoto wa miaka tisa anakwambia hivyo. Mimi nikisikia kitu kama hicho nakosa usingizi.

Kwahiyo mwalimu, makundi ya fomu yavunje wiki hii, na watoto uwaambie wazi kwamba yale majina hayapo tena. Wale wa semina wakija tena muhula ujao usigombane nao. Wape karatasi yako ya silabi, wawapime watoto ishirini mbele yako, wafundishe kwa njia yao miezi miwili, waje kuwapima walewale tena kwa karatasi hiyohiyo, na pembeni watoto ishirini wengine wa levo hiyohiyo ufundishe wewe. Wakikubali mtajua. Wakikataa mwambie mkuu wa shule kwamba mzazi asichangishwe.