Sahani yangu ilikuwa kundi moja tu, nami nikijiona nakula vizuri

Jumatatu usiku msomaji mmoja wa Muheza kaniandikia: "Dada, nataka nipungue kabla ya Idi. Nipe ratiba ya kula, ila usiniambie niache ugali." Nikacheka peke yangu mpaka mwanangu akaja kuuliza kuna nini. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka juzi, tena kwa ukali, mbele ya afisa lishe na foleni nzima inasikia. Ratiba sina, mdogo wangu. Nina yaliyonikuta.

Wanaonijua wanajua mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kuzungusha futi kwenye viuno vya watu, na wote mna tabia moja: futi ikifika kiunoni, pumzi inavutwa na tumbo linarudi ndani. Gauni kubana siku ya harusi kunaanzia hapo. Kiuno changu mwenyewe sikuwahi kukipima. Nilikuwa navaa madera, na dera halina kiuno.

Kilichonipeleka hospitali ni miguu kufa ganzi. Nilidhani ni pedeli. Wakanipima sukari asubuhi kabla sijala, ikasoma 6.7. Kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0, kwa hiyo nilikuwa nimeshafika mlangoni na mkono uko kwenye kitasa. Hakuna dawa niliyopewa, nikaelekezwa chumba cha lishe.

Kijana wa pale akaniambia niandike nilichokula siku mbili zilizopita. Nikaandika nyuma ya risiti ya dukani kwangu. Siku ya kwanza: chai ya maziwa na maandazi matatu, saa nne vitumbua viwili, mchana wali na maharage, usiku chapati na viazi vya rosti. Siku ya pili: mihogo ya nazi, wali tena, usiku ugali na dagaa. Nikamkabidhi kwa majivuno kabisa, maana chipsi hamna, soda hamna.

Akatoa kalamu nyekundu akaanza kuzungushia. Maandazi, vitumbua, wali, chapati, viazi, mihogo, wali, ugali. Risiti ikawa kama ina surua. "Mama, hivi vyote ni kundi moja." Nikabisha. Ngano, mchele, viazi, muhogo, mahindi, hapo si vitano? Akasema vyote ni wanga, vinafanya kazi moja. Halafu akauliza mboga iko wapi. Nikaweka kidole kwenye viazi vya rosti.

Akacheka. Sisemi alitabasamu, alicheka, na akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje aone. Nimeshamsamehe, ila mpaka leo nikipita pale navuka barabara.

Lililoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Shule ya msingi tuliimba: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Nilichora samaki na chungwa kwenye daftari nikapata vema nyekundu. Siku hizi wanayapanga zaidi ya vile. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji uliotoka mwaka 2023 una makundi sita: nafaka pamoja na mizizi na ndizi mbichi, jamii ya kunde pamoja na karanga na mbegu za mafuta, vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta yenye afya. Sukari haikupewa kundi lake, na mimi nilikuwa naila kama ndiyo mwenyekiti.

Basi dada wa Muheza, ugali usiuache. Upunguze mpaka uwe robo ya sahani. Robo nyingine maharage, choroko, samaki au yai. Nusu nzima iliyobaki ni mboga za majani na matunda. Nusu, nimesema, si kile kijiko cha mchicha tunachoweka pembeni ili ugali usijione mpweke. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, bila kuhesabu viazi wala mihogo. Hapo ndipo nilipomwelewa yule kijana. Na sisi watu wa Tanga tuna udhuru gani? Matembele yanajiotea uani, kisamvu kipo, bamia zipo, na wewe uko Muheza, machungwa yanakuozea miguuni halafu unamnunulia mtoto juisi ya boksi!

Miezi ya kwanza siisimulii, ilikuwa njaa na hasira tu. Nilipoanza kupungua ndipo yakaja ya watu. Huku kwetu mwanamke hapungui kwa heri. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipita nyumba hadi nyumba akisema kwa masikitiko kwamba "mgonjwa wetu" hataki kusema anaumwa nini. Mama mkwe akaleta kilo tano za unga na sukari, akanishika mkono akalia. Nililia naye, sikujua nimwambie nini. Wateja wawili walichukua vitambaa vyao.

Ukiamua jambo hili, jiandae kwa hilo kuliko njaa. Njaa ina mwisho.

Sukari nayo. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vinne. Hivyo ni vijiko kumi na sita, na kijiko cha chai kimoja ni kama gramu 4. Gramu 64 kabla sijagusa andazi! Mtu mzima wa kawaida anaambiwa asizidi kama gramu 50, na akishuka hadi 25 ndiyo bora. Nilipunguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi haukushtuka. Na chai yenyewe muisogeze mbali na chakula jamani, inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye hiyo mboga. Chungwa ndilo liwe karibu, linayasaidia kuingia mwilini. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate. Nyinyi mnaonyunyiza mezani kabla hata hamjaonja, nawaona. Na anayetumia dawa za kisukari asibadilishe kitu kabla hajaongea na daktari wake, mimi ni fundi nguo.

Wiki iliyopita nilipima tena. 5.4. Kiuno kimetoka inchi 41 hadi 35. Kwa mwanamke hatari inaanza kupanda akivuka sentimita 80, yaani kama inchi thelathini na moja na nusu, kwa hiyo bado nadaiwa inchi tatu na nusu. Lakini nimeshona gauni lenye kiuno, na nimelivaa sokoni, na nimepita taratibu.

Juzi wifi kaja dukani na kitenge chake, anataka nguo ya Idi. Akazunguka zunguka, akakaa, akasimama, mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini nakunywa dawa gani. Nikamwambia matembele. Akadhani namfanyia mzaha, akanuna. Nikachukua futi nikaizungusha kiunoni kwake, nikaona pumzi inavutwa.

"Pumua, wifi," nikamwambia. "Usivute tumbo, nataka namba ya kweli."